Paka, Jurawa na Mwenye Nyumba

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, Shume aliniwekea jurawa juu ya zulia dogo la mlangoni, kisha akaketi pembeni na kujilamba mguu kama mtu aliyekwisha kutimiza ahadi. Jurawa yule, au shomoro kama wasemavyo wengine, alikuwa kamili kwa umbo lake. Hakuwa na jeraha la kuonekana ila unyevu wa mate shingoni, na mwili ulikuwa bado na joto. Saa moja kabla ya hapo nilikuwa nimempa Shume kopo zima la samaki, naye alikula hadi akabakisha. Haikuwa njaa, basi, iliyompeleka kwenye ua wa jirani.

Mama yangu, aliyekuwa amekuja Uingereza kututembelea kutoka Unguja, alichungulia kutoka jikoni akacheka. "Kakuletea haki yako, mwanangu. Paka mwenye adabu huyo." Kwake yeye hapakuwa na la kushangaza. Katika mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, alikokulia, paka hutupiwa vichwa na matumbo ya samaki wanaoletwa kutoka sokoni, na kilichobaki hujitafutia wenyewe: panya, mende, mijusi, na ndege akipatikana. Paka wa nyumba haingwa, twaambiwa. Wala hafanyiwi hesabu ya alichokila.

Nami nilicheka pamoja naye, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Jurawa yule yule anayegombea punje na kuku kwenye mabaraza ya Unguja yumo, hapa Uingereza, katika orodha nyekundu ya ndege wanaopungua kwa kasi ya kutia wasiwasi, na amekuwamo tangu mwaka 2002. Nilimzika chini ya mwaridi, nikachukua daftari la zamani na kuandika tarehe. Mwisho wa Agosti daftari lilikuwa na mistari kumi na mmoja: panya wa shambani saba, jurawa watatu, na mmoja ambaye hakubaki na cha kumtambulisha.

Sikujua wakati ule kwamba elimu nzima ninayotaka kuizungumza hapa ilianza, kwa kiasi kikubwa, na daftari kama langu. Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, Peter Churcher na John Lawton waliwaomba wakazi wa Felmersham, kijiji kidogo cha Bedfordshire, watie katika mfuko kila kiumbe ambacho paka wao wangekileta nyumbani. Paka walikuwa kama 70, na zoezi lilidumu mwaka mzima. Mifuko ilipohesabiwa, viumbe walizidi elfu moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na ndani yake mlikuwa na jambo lililowagusa hata wasiopenda takwimu: waandishi walikadiria kwamba si chini ya asilimia 30 ya vifo vya jurawa wa kijiji kile vilitokana na paka. Sipati taabu kuwaona wanakijiji wale, watu wa heshima, wakitoka kila wiki na mifuko yao ya maiti, kila mmoja akiona haya kidogo na, bila shaka, akijivunia kidogo pia.

Zulia la mlangoni, hata hivyo, ni shahidi mwenye upungufu. Katika mji wa Athens, jimbo la Georgia nchini Marekani, watafiti waliwavisha paka 55 kamera ndogo shingoni ili waone yale ambayo mwenye nyumba haoni. Chini ya nusu ya paka wale walionekana wakiwinda. Lakini kati ya walichokikamata, chini ya robo ndicho kilicholetwa nyumbani. Kingine kililiwa huko huko, na karibu nusu kiliachwa palipouliwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013. Niliposoma habari zake nilirudi kwenye daftari langu, nikaitazama ile mistari kumi na mmoja, nikafahamu kwamba nilichokuwa nacho ni utangulizi tu.

Mwaka huo huo wa 2013 ndipo zilipotolewa takwimu ambazo zimewagawa watu hadi leo. Scott Loss, Tom Will na Peter Marra waliandika katika jarida la Nature Communications kwamba paka wanaozurura Marekani huua kila mwaka ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4.0, na wanyama wanyonyeshao kati ya bilioni 6.3 na bilioni 22.3. Upana wa makadirio hayo si aibu kwao, ni uaminifu. Hesabu ilifanywa kwa kuzidisha idadi ya paka kwa idadi ya windo la kila paka, na katika idadi ya paka wasio na mwenyewe peke yake walilazimika kuanzia milioni 30 na kuishia milioni 80. Aliye mkali anaweza kusema kwamba hesabu yenye pengo la paka milioni 50 si hesabu. Mimi nasema kwamba hata tukiushika upande wa chini kabisa, tumeshashika mzigo usiobebeka.

Kilichofuata kilikuwa ugomvi, na ugomvi wa wasomi hauna tofauti kubwa na wa ukumbini. Mwaka 2018 Loss na Marra waliwafananisha wanaopinga matokeo hayo na wale waliolipwa kupandikiza shaka juu ya madhara ya tumbaku. Mwaka uliofuata, katika jarida lile lile la Conservation Biology, kundi la wataalamu wa maadili na wa ikolojia lilijibu kwamba dunia imepandwa na kiherehere cha kimaadili juu ya paka, na kwamba mambo yaliyo kweli katika visiwa fulani yanalazimishwa kuwa kweli kila mahali. Nimezisoma pande zote mbili. Kila upande una haki katika analolilaumu kwa mwenziwe. Lakini nilipomaliza, swali langu lilikuwa bado pale mlangoni, juu ya zulia: jurawa yule ni deni la nani?

Jibu la haraka ni kwamba si deni la mtu. Paka ni paka. Hana akili ya kupambanua halali na haramu, hakukalifishwa kwa lolote, na kumwita muuaji ni kumvika joho la kadhi mtoto mchanga. Nalikubali jibu hili lote, na bado naona kwamba linamalizikia pabaya, kwa sababu hudhani kuwa hatia ikishamwondokea paka imeyeyuka.

Wazee wetu hawakuiacha iyeyuke. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Imam al-Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, mna suala la paka. Paka wa mtu akimla ndege wa mwingine, au chakula chake, nani atalipa? Kwa mifugo, Imam anatofautisha usiku na mchana: mchana mwenye shamba ndiye mwenye kulinda shamba lake, usiku mwenye mnyama ndiye mwenye kumfunga mnyama wake. Paka hakupewa nafuu hiyo. Kwa kauli anayoiona kuwa sahihi zaidi, ikiwa paka huyo amezoeleka kuwa na tabia hiyo, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana. Ikiwa hakuzoeleka kwayo, mwenyewe halipi.

Nimeipitia mas-ala hii mara nyingi, na kila nikirudi naona jinsi ilivyo nyembamba na kali. Haimuulizi paka kitu. Haiulizi kama alikuwa na njaa, wala kama alikuwa anacheza. Inamuuliza mwenye nyumba jambo moja tu: ulikuwa unajua? Kujua ndiko kunakohamisha deni kutoka kwa asiyelipa kwenda kwa anayeweza kulipa. Na ikiwa ni hivyo, basi mifuko ya Felmersham na kamera za Georgia zimefanya kazi ambayo watafiti wenyewe huenda hawakuikusudia. Zimetunyang'anya udhuru. Kabla yake mtu aliweza kusema kwa moyo safi kwamba paka wake si wa namna hiyo. Leo aliyesoma hawezi kusema zaidi ya kwamba hajamwona.

Liko pengo, nalo ni kubwa. Ndege wa Imam al-Nawawi ana mwenyewe: ni njiwa wa fulani, kifaranga wa fulani, na huyo fulani ndiye atakayebisha hodi kudai. Jurawa wa porini hana fulani. Ni mubaha, kitu kisichomilikiwa, halali ya atakayemtangulia. Sheria inayolinda mali haimwoni, kwa kuwa si mali. Hapa ndipo ninapoikumbuka Hadithi iliyopokewa na al-Nasai, ambayo wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu ya isnadi yake, kwamba atakayemuua jurawa bure bila ya manufaa, jurawa huyo atamshitaki mbele ya Mola wake Siku ya Kiyama. Wanaoidhoofisha isnadi wana hoja zao. Mimi nautazama muundo wa kesi: mwenye kudai si mmiliki wa ndege, ni ndege mwenyewe. Asiye na mwenyewe amepewa sauti yake.

Na neno "bure" linanisumbua kuliko mengine yote. Wachunguzi wa tabia za wanyama wameonyesha kwamba ndani ya paka msukumo wa kula na msukumo wa kuwinda ni vitu viwili. Paka aliye katikati ya mlo huweza kuuacha akaenda kumkamata panya. Kopo langu la samaki, kwa hiyo, halikumzuia Shume kuua. Lilimzuia kufa njaa tu, na hili ni jambo jingine kabisa. Mwindaji wa porini hubanwa na windo lake: ndege wakipungua, naye hupungua, makinda wake hufa, eneo hubaki bila mlinzi, ndege wakapata kupumua. Mizani hiyo ni ya kikatili, lakini ni mizani. Paka wa nyumbani tumemtoa humo. Jurawa wakiisha mtaa mzima, sahani yake itajaa kesho kama ilivyojaa jana. Mjini Bristol watafiti walikadiria paka zaidi ya 300 katika kila kilomita ya mraba, na hakuna msitu duniani unaoweza kulisha wawindaji wa kimo kile kwa wingi huo. Wanalishwa na maduka, na maduka yanalishwa na sisi.

Kwa hiyo huruma yenyewe ndiyo chombo cha madhara. Nisingelimpenda Shume asingelikuwapo. Nisingelimlisha asingelikuwa na nguvu. Kila kijiko ninachomwekea ni rehema kwake, na sehemu ya gharama ya rehema hiyo analipishwa mtu wa tatu ambaye hakuwepo chumbani tulipokubaliana. Wako watakaosema kuwa rehema zote ndivyo zilivyo. Huenda. Lakini mwenye kutoa sadaka kwa fedha ya jirani yake hatumwiti karimu.

Bristol ndiko kulikotoka pia utetezi ulio bora kuliko wote, na si haki kuuficha. Watafiti waliwapima ndege waliouawa na paka na wale waliokufa kwa kugonga madirisha na magari, wakakuta kwamba waliouawa na paka walikuwa dhaifu zaidi, wenye shahamu na misuli haba. Yawezekana basi kwamba wengi wao wangekufa tu kwa njaa au kwa baridi, na paka hakuongeza vifo bali alitangulia kuvichukua. Kwa mwanaikolojia anayehesabu idadi ya ndege majira yajayo, tofauti hiyo ni kila kitu. Na ndiyo maana yapo mashirika ya kulinda ndege hapa Uingereza yanayosema kwamba hakuna ushahidi wa wazi kuwa paka wa bustanini ndio wanaopunguza ndege nchi nzima. Nauheshimu msimamo huo. Ila si jibu la swali langu. Hakuna mahakama, ya duniani wala ya akhera, inayomwachilia mtu kwa hoja kwamba marehemu alikuwa mgonjwa.

Na yapo madhara yasiyoacha maiti. Mjini Sheffield watafiti walichukua paka aliyekufa zamani, aliyekaushwa na kujazwa, wakamweka kwa dakika chache karibu na viota vya yule ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano ambaye huimba alfajiri katika bustani za Uingereza. Kisha wakamwondoa. Wazazi walipiga kelele, wakakatiza safari za kuleta chakula. Kwa dakika tisini baada ya paka kuondolewa, makinda walipelekewa chakula pungufu kwa zaidi ya theluthi. Kelele zile nazo ziliwaonyesha kunguru na wenziwe mahali kiota kilipo, na katika muda wa siku moja viota vingi zaidi viliporwa. Paka yule hakuwa na pumzi. Hakufanya lolote ila kuwekwa. Sijapata kusoma jaribio la kisayansi lililonikalia moyoni kama hili, kwa kuwa linaikata mizizi imani yangu kwamba wema ni kutotenda mabaya. Shume akilala juani kwenye ukuta wa bustani bila kumgusa mtu, kuna kinda mahali fulani anayelala na njaa.

Hadi hapa nimemzungumza paka mwenye mwenyewe. Lakini ule utafiti wa 2013 ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 69 ya ndege wanaouawa Marekani huuawa na paka wasio na mwenyewe, na kwao ufunguo wa al-Nawawi haufungui mlango: hakuna wa kuulizwa kama alijua. Swali hilo lilishajibiwa kwa vitendo mahali pengine, nako ni visiwani.

Kisiwa cha Marion kiko kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga kwenye forodha ya Unguja, nacho ni milki ya Afrika Kusini. Panya walifika huko na meli za wawindaji wa sili. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa katika kituo cha hali ya hewa ili wawamalize panya hao. Ikafika katikati ya miaka ya sabini, paka walikuwa zaidi ya 2,000, na ilikadiriwa kwamba walikuwa wakiua ndege wa baharini kama 450,000 kwa mwaka, ndege wanaotaga mashimoni na ambao katika maelfu ya miaka yao hawakuwahi kujifunza kumwogopa mnyama wa miguu minne. Mwaka 1977 serikali iliwapandikiza paka hao virusi vya ugonjwa wa paka. Waliosalia waliwindwa usiku kwa bunduki na taa, wakategwa, wakawekewa sumu, mpaka mwaka 1991 kisiwa kikawa hakina paka.

Msomaji amekwisha kuutaja mwenyewe ule msemo kuhusu paka akiondoka. Panya walitawala. Katika karne hii wameonekana wakiwatafuna makinda wa albatrosi wakiwa hai, usiku, viotani mwao, kwa kuwa hali ya hewa imepata joto na panya wameongezeka na chakula chao cha wadudu kimekwisha. Sasa unaandaliwa mpango wa kumwaga sumu ya panya kisiwa kizima kwa helikopta. Wako wanaoisimulia habari hii kama kichekesho cha binadamu anayejifanya kurekebisha uumbaji. Sioni kichekesho. Naona kwamba kuwaua paka wale kulikuwa sawa, na nasema hivyo nikiwa na Shume mapajani. Ndege laki nne na nusu kila mwaka si bei ya kulipia usafi wa mikono yetu. Lakini usahihi wa tendo hauwafanyi waliouawa kuwa na hatia. Paka watano wa 1949 hawakuomba safari. Waliitwa kazini, wakafanya kazi, na uzao wao ukapigwa risasi kwa kuifanya.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, maana lipo jambo la nyumbani linalonikera. Katika muongo wa 1890 kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja ili ale taka za mji. Naye aliitwa kazini; naye aliifanya, akala taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wadogo hadi mitaa ya pwani nzima ikanyamaza. Ametiliwa sumu Zanzibar na Dar es Salaam. Na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Sikusikia aliyelia. Australia ilipotangaza mwaka 2015 kwamba itawaua paka mwitu milioni mbili, Brigitte Bardot aliandika barua ya wazi kutoka Ufaransa. Tofauti ya viumbe hawa wawili, katika mizani ya madhara, sijaiona. Tofauti iko usoni: mmoja ana macho makubwa na hulala mapajani, mwingine ana sauti mbaya na hupora samaki kwenye sahani. Ikiwa maadili yetu hukoma pale manyoya laini yanapokoma, basi tusiyaite maadili.

Narudi nyumbani kwangu. Mwezi wa Septemba, baada ya kusoma haya yote, nilifunga mlango. Shume alikaa ndani wiki tatu. Alikuwa na chakula, maji, kitanda na dirisha la kuangalia nje. Siku za kwanza alilia. Baadaye hakulia, alikaa tu dirishani na mdomo wake ukitetemeka kila ndege alipopita.

Mama alistahimili kwa siku kumi. Kisha jioni moja, baada ya Magharibi, akaniita. "Mwanangu, umemfunga paka?"

Nikamwambia nimemfunga, na nikamweleza sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyo desturi yake, kisha akanikumbusha jambo ambalo nililijua tangu chuoni: Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akale vya ardhini. Nilikuwa na jibu tayari, nalo nililiona zuri. Nilimwambia kwamba mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kuokoka, kulisha au kuachilia, naye akakosa zote. Mimi nimeshika ya kwanza. Na nikamwongezea kwamba wafasiri wa Hadithi hiyo wamevieleza vile vya ardhini kuwa ni wadudu na vijinyama, panya wakiwemo. Kwa hiyo ruhusa ya kuwinda ilikuwa ni riziki ya paka asiyelishwa. Anayelishwa ameshapewa badala yake.

Mama akanyamaza kidogo. "Hayo maneno ya kitabu, nayo mazuri," akasema. "Lakini hebu mtazame. Huyu anakula au anasubiri?"

Sikuweza kumjibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Hoja yangu ilimtazama paka kama tumbo lenye miguu. Mama alimtazama kama kiumbe mwenye jambo lake duniani. Kumtoa paka katika mizani ya njaa kulikuwa kosa la kwanza, nalo lilifanywa kabla yangu. Kumtoa katika upaka wake ili kulipia kosa hilo ni kumtoza yeye deni ambalo tumeshakubaliana kwamba si lake. Jurawa ni mtu wa tatu aliyelipishwa bila kuulizwa. Shume aliye dirishani ni wa nne.

Tulikoishia ni mahali pa watu wasioweza kushinda. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa paka 355 wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Paka waliolishwa chakula chenye nyama nyingi, kisicho na nafaka, walipunguza windo walilolileta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezewa na mwenye nyumba kati ya dakika tano na kumi kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Ukosi mpana wa rangi kali uliwaokoa ndege, ingawa haukuwasaidia panya. Kengele shingoni haikuonyesha athari ya kutambulika. Nilipomsomea mama hili la mwisho alicheka hadi akatoa machozi: tangu utotoni tunahadithiwa juu ya mkutano wa panya waliokosa wa kumfunga paka kengele, na kumbe hata angelipatikana isingeliwafaa.

Basi Shume analishwa nyama, kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Hulala ndani tangu kabla ya jua kuzama hadi asubuhi ikomae, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ya ndege kushuka ardhini. Na kila jioni, kabla ya mlango kufungwa, huchezewa kwa unyoya uliofungwa kwenye uzi na kijiti. Kazi hiyo aliichukua mama kwa wiki zote zilizobaki za ziara yake. Alikaa kwenye kiti na kanga yake mabegani, akiuburuta unyoya juu ya zulia, akiurusha, akiuficha chini ya pindo, na paka yule mzito akiruka kama mtoto.

Si suluhisho. Asilimia 36 si 100, na yule paka wa Sheffield aliyejazwa ananikumbusha kwamba hata kulala juani kuna bei. Kwa mujibu wa al-Nawawi mimi bado nadaiwa, kwa kuwa bado najua, na ningali namfungulia mlango kila siku saa tatu.

Mwaka huu daftari lina mistari mitano. Mama ameshakuwa Unguja muda mrefu, na hunipigia simu kila Ijumaa. Huniuliza juu ya watoto, juu ya baridi, juu ya mguu wangu unaouma. Kisha juu ya Shume, kama hajambo, kama anakula, kama bado naucheza ule unyoya au nimeshachoka. Wiki iliyopita, baada ya kumjibu yote hayo, alikaa kimya kidogo kwenye simu. Nikasikia adhana kwa mbali upande wake.

"Na ndege?" akauliza.

Nikalichukua daftari, nikamsomea.